Upande Mmoja Ukinyamaza: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Hedifoni

Katika mabasi yapitayo Singida Mjini yakielekea Mwanza, Arusha au Dodoma, na katika nyumba nyingi za mji huo nyakati za jioni, chombo kimoja kidogo kimekuwa cha kawaida kabisa. Nacho ni hedifoni, yaani spika mbili ndogo zivaliwazo masikioni. Wengine huitumia kusikiliza muziki, wengine taarifa ya habari, na wanafunzi husikiliza masomo. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Katika nyumba yenye watoto wengi na kelele nyingi, hedifoni ni chumba cha faragha cha mwanafunzi asiye na chumba.

Ugonjwa mkuu wa chombo hiki unajulikana na kila mtumiaji. Siku moja sauti ya upande wa kushoto, au wa kulia, hukatika. Hurudi waya unapopindwa, hupotea tena, na hatimaye upande ule hunyamaza kabisa. Hapo watu hufuata mojawapo ya njia tatu. Mmoja hutupa hedifoni na kununua nyingine. Wa pili hupinda waya katika pembe ile inayotoa sauti, akaufunga kwa mpira. Wa tatu huongeza sauti ya upande uliobaki, akaendelea kusikiliza. Wa kwanza hupoteza fedha, wa pili huongeza ubovu, na wa tatu huhatarisha sikio lake, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Iko njia ya nne. Hiyo ni kutambua hitilafu ilipo kabla ya kufungua au kukata kitu chochote. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji chombo cha kupimia. Inahitaji mpango mzuri wa kufikiri, ambao ndio ule ule utumikao katika maabara.

Safari ya sauti

Mwaka 1820 mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aligundua kwamba waya unaopitisha umeme huisogeza sindano ya dira iliyo karibu nao. Maana yake, mkondo wa umeme huzaa usumaku. Hedifoni hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Ndani ya kila spika mna koili ya waya mwembamba wa shaba iliyogandishwa katika kiwambo chepesi, mfano wa ngozi ya ngoma. Koili hiyo imekaa karibu na sumaku ya kudumu. Mkondo unapopita katika koili, usumaku wake husukumana au huvutana na ule wa sumaku, na kiwambo husogea. Mkondo ukibadili mwelekeo mara 500 kwenda na kurudi katika sekunde moja, kiwambo nacho hutetemeka mara 500 kwa sekunde. Hewa hutikiswa, na sikio husikia.

Spika ni mbili, na kila moja hupewa mkondo wake. Ingetarajiwa basi kwamba nyaya ziwe nne, mbili kwa kila spika. Lakini hedifoni ya kawaida huwa na njia tatu tu: waya wa kushoto, waya wa kulia, na waya wa pamoja unaorudisha mkondo wa pande zote mbili. Njia hizo tatu huonekana katika pini, yaani kile kijiti cha chuma kinachochomekwa katika simu au redio. Pini imegawanywa kwa vijipete vyeusi au vyeupe visivyopitisha umeme. Ncha yake hupeleka mkondo wa kushoto, pete inayofuata hupeleka mkondo wa kulia, na shina lake ni waya wa pamoja. Hedifoni yenye kinasa sauti huwa na sehemu nne badala ya tatu. Katika nyingi zitumikazo na simu leo, pete ya pili ndiyo waya wa pamoja, na shina ni la kinasa sauti.

Umbo hili la pini ni la kale kuliko redio. Lilianza katika karne ya 19 katika vituo vya simu, ambako wafanyakazi waliunganisha wasemaji kwa kuchomeka na kuchomoa pini mchana kutwa. Pini za kale zilikuwa na kipenyo cha milimita 6.35, na bado hutumika katika vyombo vya muziki. Ile ya hedifoni ndogo ni ya milimita 3.5. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alitengeneza hedifoni zilizonunuliwa na jeshi la wanamaji la nchi hiyo. Mwaka 1958 John Koss akatoa hedifoni za kusikilizia muziki wa stereo, yaani ule wenye sauti mbili tofauti, moja kwa kila sikio. 

Kwa hiyo sauti husafiri kama katika mnyororo: kutoka rekodi hadi simu, hadi tundu, hadi pini, hadi waya, hadi spika, na mwisho hadi sikio. Pingu yoyote ya mnyororo huo ikikatika upande mmoja, matokeo kwa msikilizaji ni yale yale. Swali ni pingu ipi.

Majaribio mawili ya kubadilishana

Jaribio la kwanza ni la kubadilishana masikio. Msikilizaji aichukue spika ya kushoto aiweke sikio la kulia, na ya kulia aiweke sikio la kushoto. Asibadili kitu kingine chochote. Ukimya ukihamia sikio la pili pamoja na spika, masikio yote mawili ni mazima, na hitilafu iko katika chombo. Lakini ukimya ukibaki katika sikio lile lile, ijapokuwa sasa linasikiliza spika iliyokuwa ikisema vizuri, basi hedifoni haina kosa. Tatizo liko katika sikio.

Tokeo hilo la pili si la kupuuzwa. Huenda ni nta iliyoziba, au maji, au ugonjwa wa sikio la kati ambao huwapata watoto wengi. Mambo hayo hutibika, ila si kwa njiti ya kiberiti wala kwa kalamu, kwani vitu hivyo huisukuma nta ndani zaidi na huweza kutoboa ngozi ya sikio. Na mtu ambaye sikio lake moja limepoteza usikivu ghafla, kwa saa chache au siku chache, yampasa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Iko aina ya uziwi wa ghafla ambayo tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema, na kila siku ipitayo hupunguza matumaini ya kupona. Ni jambo la kusikitisha mtu akinunua hedifoni ya pili na ya tatu, huku kilichoharibika ni sikio lake mwenyewe.

Jaribio la pili hufuata iwapo la kwanza limeonyesha kwamba sikio ni zima. Hili ni la kubadilishana vyombo. Hedifoni ile ile ichomekwe katika simu au redio nyingine. Ikisema pande zote mbili, simu ya kwanza ndiyo mgonjwa. Ikinyamaza upande ule ule, mgonjwa ni hedifoni. Kwa uhakika zaidi, hedifoni nyingine iliyo nzima ichomekwe katika simu ya kwanza. Majibu ya majaribio haya mawili yakikubaliana, hakuna shaka tena.

Kabla ya kuihukumu simu, sharti yaangaliwe mambo mawili yasiyohusu ubovu. La kwanza ni rekodi yenyewe. Mazungumzo yaliyorekodiwa kwa kinasa sauti kilichounganishwa upande mmoja tu yatasikika upande mmoja tu, hata katika hedifoni bora kuliko zote. Basi rekodi nyingine ichezwe. La pili ni mipangilio ya simu. Simu nyingi za kisasa zina kipimo cha kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Kipimo hicho kikisogezwa hadi mwisho wa upande mmoja, upande wa pili hunyamaza. Kirudishwe katikati.

Nguvu ya majaribio haya inatokana na sharti moja: kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili wimbo, akachomeka simu nyingine na kuupinda waya kwa pamoja, huenda akapata sauti, lakini hatajua ni kipi kilichoileta. Kesho sauti itapotea tena, naye ataanza upya. Daktari anayetafuta asili ya homa na mkulima anayelinganisha mbegu mbili za alizeti katika shamba moja hufungwa na sharti hilo hilo.

Vumbi katika tundu

Ikiwa simu ndiyo mgonjwa, jambo la kwanza kushukiwa ni tundu. Singida ni nchi kavu. Mvua zake hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Upepo huo huinua vumbi lenye chembe za mawe yale yale ya matale yanayoonekana yamepangana kila mahali mjini. Chembe hizo ni ngumu na hazipitishi umeme. Vumbi likichanganyika na nyuzi za nguo mfukoni, hujaa katika tundu na kushindiliwa chini kila pini inapoingizwa.

Ndani ya tundu mna vibao vidogo vya chuma vilivyo kama springi, kila kimoja kikigusa sehemu yake ya pini. Chembe moja ya vumbi ikikaa kati ya kibao na pini, njia ya upande mmoja hufungwa. Vilevile uchafu ulioshindiliwa chini huizuia pini kufika mwisho, na ikipungua milimita moja tu, sehemu zake hazikutani na vibao vyake. Kava nene la simu nalo hufanya hivyo hivyo. Basi jaribio rahisi kuliko yote ni kulivua kava na kuichomeka pini tena mpaka itoe mlio mdogo wa kukaa.

Tundu lisafishwe simu ikiwa imezimwa, kwa kijiti chembamba cha mti na kwa mkono mwepesi. Sindano na pini za chuma zisitumike, maana huweza kupinda vibao au kuunganisha visivyopasa kuungana. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwa kuwa pumzi ina unyevu. Pini nayo ipanguswe kwa kitambaa safi kilichotiwa spiriti kidogo, kisha iachwe ikauke. Jasho la mikono lina chumvi, na chumvi hula chuma polepole mpaka kufanya utando usiopitisha umeme vizuri. Iwapo baada ya hayo sauti huja pini inapozungushwa na kuondoka inapoachwa, vibao vimelegea. Hiyo ni kazi ya fundi simu.

Kwa nini waya hukatika ndani

Mara nyingi zaidi mgonjwa ni hedifoni yenyewe, na mara nyingi hitilafu iko katika waya, ingawa kwa nje waya huonekana mzima. Ganda lake la plastiki hunyumbulika bila kupasuka, lakini shaba iliyo ndani huchoka.

Kuchoka huku hupimika kwa hesabu ndogo. Waya wa hedifoni si kipande kimoja cha shaba. Ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Tuseme uzi mmoja una kipenyo cha milimita 0.08. Ukipindwa kufuata duara lenye nusu kipenyo cha milimita 40, upande wake wa nje hurefuka kwa sehemu moja katika elfu. Jibu hilo hupatikana kwa kugawanya nusu kipenyo cha uzi, yaani milimita 0.04, kwa milimita 40. Ukipindwa kufuata duara la milimita 4, kama inavyotokea waya unapokunjwa penye shingo ya pini, upande wa nje hurefuka kwa sehemu moja katika mia. Kukunja kwa ukali mara kumi huleta mvuto mara kumi. Shaba inayovutwa na kubanwa hivyo mara nyingi huwa ngumu, hupata nyufa ndogo, kisha hukatika uzi mmoja baada ya mwingine. Kwa muda ncha zilizokatika huendelea kugusana, na hapo ndipo sauti huja na kuondoka kwa mikwaruzo. Mwisho huachana kabisa.

Hesabu hiyo inaeleza pia mahali pa kutafuta. Kuna sehemu tatu ambapo waya hukunjwa kwa ukali: unapotoka katika pini, unapogawanyika kuwa mbili, na unapoingia katika spika. Msikilizaji aweke hotuba au taarifa ya habari, kwa maana maneno yanayofuatana huonyesha mkatiko kwa urahisi kuliko muziki. Kisha autikise waya kwa utaratibu, kipande cha urefu wa kidole kwa wakati mmoja, huku sehemu zingine zikitulia mezani. Pale ambapo sauti hushtuka ndipo palipokatika. Kidhibiti sauti kilichomo katikati ya waya, kama kipo, nacho kisogezwe mbele na nyuma mara kadhaa. Vumbi huingia humo kama linavyoingia katika tundu.

Mita inavyosema

Mahali penye mita ya umeme, iwe katika maabara ya shule au mezani kwa fundi redio, ukaguzi hukamilika kwa vipimo vitatu. Hedifoni ichomolewe kwanza katika simu, nayo isivaliwe masikioni wakati wa kupima. Mita iwekwe katika kipimo cha ukinzani, yaani omu. Kisha ipimwe kati ya ncha na waya wa pamoja, kati ya pete na waya wa pamoja, na kati ya ncha na pete. Spika nyingi za hedifoni huwa na ukinzani wa omu 16 au 32. Kwa hedifoni ya omu 32, majibu huwa kama ifuatavyo:

Hedifoni nzima: 32, 32, na 64.

Waya wa kushoto umekatika: hakuna njia, 32, hakuna njia.

Waya wa kulia umekatika: 32, hakuna njia, hakuna njia.

Waya wa kushoto umegusana na waya wa pamoja: karibu 0, 32, na karibu 32.

Waya wa pamoja umekatika karibu na pini: hakuna njia, hakuna njia, 64.

Namba za mita zaweza kupungua au kuzidi kidogo. Linalotazamwa ni kwamba pande mbili zilingane, na kwamba kipimo cha tatu kiwe jumla ya viwili vya kwanza, kwa sababu hapo spika mbili zimefuatana katika njia moja. Anayesikiliza kwa makini atasikia pia mlio mdogo katika spika nzima kila vijiti vya mita vinapogusa pini, kwa kuwa mita yenyewe hupeleka mkondo kidogo.

Hali ya mwisho katika orodha inastahili kufikiriwa na mwanafunzi. Waya wa pamoja ukikatika, hedifoni hainyamazi upande mmoja. Inasikika pande zote mbili, lakini kwa namna ya ajabu: ala za muziki zinasikika kwa mbali, na sauti ya mwimbaji imetoweka. Sababu yake ni hii. Mkondo hauna tena njia ya kurudi ila kupitia spika ya pili. Kinachosukuma mkondo sasa ni tofauti kati ya volti ya kushoto na ya kulia. Mwimbaji huwekwa katikati, yaani kwa kiasi kilicho sawa pande zote mbili, na tofauti ya vitu viwili vilivyo sawa ni sifuri. Basi mwimbaji hufutika, na hubaki tu yale yaliyo tofauti. Somo la kutoa linasikika kwa masikio.

Kutengeneza

Ikiwa waya umekatika karibu na pini, kazi si kubwa. Waya hukatwa sentimita mbili au tatu kupita mahali palipokatika, na kulehemiwa katika pini mpya. Ugumu mmoja huwashangaza wanaoanza: risasi ya kulehemu haishiki. Kila uzi wa shaba ndani ya hedifoni umepakwa vanishi nyembamba ili nyaya zisigusane, na vanishi hiyo haipitishi umeme. Sharti iondolewe kwanza, ama kwa kuichoma kwa chuma cha kulehemu chenye risasi na utomvu wake, ama kwa kuisugua taratibu kwa msasa laini. Ndani pia huwa na nyuzi za nailoni zinazoimarisha waya. Nazo zikatwe.

Rangi za nyaya husaidia lakini haziaminiki daima. Mara nyingi nyekundu ni ya kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na ile ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Mita ndiyo mwamuzi wa mwisho. Kiungo kijaribiwe kabla ya kufungwa kwa tepu ya umeme, na kipande cha waya kilichomo ndani ya ganda la pini kibanwe ili mvuto wa mkono usifike penye kiungo. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, kwa kuwa risasi nyingi za kulehemu zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Hedifoni ambayo koili yake imeungua au kukatika haitengenezeki kwa urahisi. Hata hivyo si takataka tupu. Ina shaba, na mara nyingi ina sumaku za neodimiamu, zilizoanza kutengenezwa katika miaka ya 1980 na kuwezesha spika kuwa ndogo hivi. Madini ya namna hiyo yamo katika ardhi ya Tanzania yenyewe, katika mlima wa Ngualla mkoani Songwe. Katika maabara ya shule, spika mbovu iliyofunguliwa ni funzo zuri la usumaku lisilo na gharama.

Hedifoni zisizo na waya hufuata mantiki ile ile, ingawa pingu za mnyororo wake ni nyingine. Upande ukinyamaza, yafaa kutazama kwanza kama betri ya upande huo imeingia chaji. Mara nyingi vituo vidogo vya chuma vya kuchajia vimefunikwa na jasho na vumbi, na kuvipangusa hutosha. Kisha pande zote mbili ziunganishwe upya na simu. Wavu mdogo wa spika nao ukaguliwe, maana nta ya sikio huuziba, na dalili yake ni sauti kufifia polepole badala ya kukatika kwa ghafla.

Sikio lililobaki

Imebaki ile njia ya tatu, ya kuongeza sauti na kuendelea. Masikio mawili yanaposikiliza pamoja, sauti huonekana kubwa kuliko linaposikiliza moja. Tofauti hiyo ni kama desibeli 3 hadi 6. Kwa hiyo anayebaki na upande mmoja hupandisha sauti kwa kiasi kama hicho bila kujua, na ndani ya basi lenye kelele hupandisha zaidi.

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila ongezeko la desibeli 3 huzidisha nguvu ya sauti mara mbili, na kwa hiyo hupunguza muda wa usalama kwa nusu. Mtu mzima aliyekuwa katika desibeli 80 akapandisha hadi 86 ana saa 10 kwa wiki, si 40. Akifika 89 ana saa 5. Chembe za sikio la ndani zinazopokea mitetemo, zikishakufa kwa mwanadamu, hazioti tena. Hivyo waya uliokatika, ambao ungeungwa kwa risasi kidogo, unaweza kuuza sikio zima.

Anayesubiri kutengenezewa hedifoni yake ana njia mbili zilizo salama. Ya kwanza ni kutafuta katika mipangilio ya simu sehemu inayochanganya sauti za pande zote mbili kuwa moja, ili asikose maneno yaliyowekwa upande ulionyamaza, bila kuongeza sauti. Ya pili ni kuacha hedifoni na kutumia spika ya redio pamoja na wenzake. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya watu wazima kote Tanzania vilijifunza hivyo, kila kikundi kikiwa mbele ya redio moja.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu akusanye hedifoni mbovu kutoka kwa wanafunzi na jirani zao. Kila kikundi kipewe moja, na kabla ya kutumia mita kiandike kinadhani hitilafu iko wapi na kwa sababu gani. Kisha kipime mara tatu kama ilivyoelezwa na kulinganisha majibu na dhana yake. Maswali haya yajadiliwe:

1. Hedifoni ya omu 16 imetoa vipimo vya 16, karibu 0, na 16. Upande upi umenyamaza, na hitilafu ni ya namna gani?

2. Mtu ana hedifoni inayosema upande wa kulia tu katika simu yake, na katika simu ya rafiki yake inasema pande zote mbili. Ataje mambo matatu ya kukagua kabla ya kwenda kwa fundi.

3. Waya wa pamoja wa hedifoni umekatika karibu na pini, na redio inatoa sauti iliyo sawa kabisa pande zote mbili. Kitasikika nini? Kwa nini?

4. Msikilizaji mzima wa desibeli 80 amepandisha sauti hadi desibeli 92. Amebakiwa na saa ngapi za usalama kwa wiki?

Kikundi kitakachokosea dhana yake ya kwanza kisifute kilichoandika. Kiandike kando yake ni kipimo kipi kilichoikanusha, ili darasa zima lione njia iliyoongoza hadi jibu sahihi.